Lenzi ya Bei Kubwa Hairudishi Macho ya Ujana

Anayepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hakosi jamaa wa kumwambia: lipia lenzi ya masafa mengi, utaona kama kijana, miwani utaitupa. Si hivyo hasa.

Katika upasuaji huo, lenzi ya jicho iliyopata ukungu hutolewa na ya bandia hupandikizwa mahali pake. Lenzi ya kawaida inayopandikizwa hulenga umbali mmoja, mara nyingi wa mbali. Basi likija unaliona vizuri, lakini kusoma ujumbe kwenye simu unahitaji miwani. Lenzi ya masafa mengi huugawa mwanga: sehemu kwa ajili ya mbali, sehemu kwa ajili ya karibu. Ndiyo maana wengi waliowekewa hufanya shughuli nyingi bila miwani, na kwa fundi cherehani anayetunga uzi kutwa hiyo si faida ndogo.

Ila mwanga uliogawanywa una gharama yake. Usiku, taa za magari huweza kuonekana zimezungukwa na duara za mwanga, na ngazi ya saruji penye kiza kiza ikawa ngumu kuipambanua. Wengi huzoea baada ya miezi kadhaa. Wachache huishia kubadilishiwa lenzi, yaani upasuaji mwingine. Dereva wa usiku afikirie mara mbili. Mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), au retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyoharibiwa na kisukari, kwa kawaida hushauriwa asiiweke lenzi ya masafa mengi, hata kama pesa anazo.

Wala lenzi ya kawaida si ya wasio na uwezo tu. Kwa kuona mbali, hasa kwenye mwanga hafifu, mara nyingi ndiyo inayotoa picha safi zaidi, na miwani ya kusomea inauzwa hadi barabarani.