Kwa Nini Walimu wa Sekondari Huipenda Kazi Yao: Dhana Potofu na Ukweli

Nafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Katika chumba cha walimu naketi na watu wanaoipenda kazi hii kwa dhati. Ukitoka nje ya lango, utaambiwa mengine kabisa: eti mwalimu amekwama, eti anafuata likizo, eti ualimu ni wito na mwenye wito haulizi mshahara. Maneno hayo yanawaumiza walimu. Zaidi ya hapo, yanawapotosha vijana wanaotaka kuusomea ualimu, na wazazi wanaowakataza.

“Ualimu ni wa waliokosa kozi nyingine”

Ili Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, imsajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada, inataka awe alipata angalau C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na C+ vilevile katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Baada ya hapo kuna miaka minne ya chuo kikuu. Ndani yake mna muhula wa mazoezi ya kufundisha, ambapo mhadhiri hukaa nyuma ya darasa na karatasi yake ya alama huku wewe ukijaribu kukumbuka ulichoandika kwenye andalio la somo. Wengi wetu tulipitia Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, ambacho mwaka 1965 kilianza kama chuo katika kambi ya kijeshi iliyoachwa na Waingereza. Hakuna aliyeteleza tu akajikuta mbele ya ubao.

Ni kweli wapo walioomba sheria au udaktari wakapelekwa ualimu. Nawafahamu, na baadhi yao ndio walimu bora niliowahi kufanya kazi nao. Mapenzi ya kazi hii mara nyingi huja baada ya mtu kuingia darasani. Mtu huenda kwenye mazoezi akiwa na shingo upande, hupewa Kidato cha Pili saa nane mchana, wakati jua limewachosha wote, na ghafla swali lake moja huwaamsha. Mikono inapanda. Wanabishana wao kwa wao kuhusu jambo alilowaletea yeye. Aliyeonja hilo hurudi kesho yake akilitafuta tena.

“Wanapenda likizo”

Likizo zipo, tatu kwa mwaka, nasi huzifurahia kama mfanyakazi yeyote anavyofurahia mapumziko. Lakini mwisho wa mwaka walimu wengi huwa katika vituo vya kusahihisha KCSE, na muhula ukiendelea Jumamosi humezwa na tamasha za muziki, drama na maonyesho ya sayansi. Vipindi ni vya dakika arobaini arobaini. Daftari za insha hazina kipindi chake kwenye ratiba, kwa hivyo husomwa nyumbani usiku. Anayetaka kazi nyepesi yenye likizo hawezi kudumu hapa.

“Vijana wa umri huo hawapendeki”

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, maana umri huo ndio hasa sababu ya wengi wetu kubaki.

Watoto wa sekondari ni wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane hivi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini. Ndiyo maana mtoto mwerevu anaweza kuruka ukuta wa shule mchana kweupe na kushindwa kueleza kwa nini. Wakati huohuo uwezo wa kuhoji unachanua. Mtoto aliyekuwa akinakili kila neno ubaoni anaanza kuuliza nani aliandika, na kwa faida ya nani.

Nitoe mfano kutoka somo langu. Tunapofika kwenye hali ya hatari ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza Oktoba 1952 kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau, na Operesheni Anvil ya Aprili 1954, wanafunzi wangu wanasoma habari za mitaa yao wenyewe. Wanajeshi na polisi wa kikoloni waliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mtoto anayetoka Bahati au Kaloleni anasikia mahali pale palipo kwao pakitajwa. Halafu tunamfikia Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na sasa ana sanamu kwenye mtaa wenye jina lake katikati ya jiji. Hapo swali huja, na huja kwa namna ambayo kitabu hakikuiandaa: “Mwalimu, babu ya mama yangu alikuwa homugadi. Je, sisi ni watu wabaya?” Homugadi walikuwa Waafrika waliopigana upande wa serikali ya kikoloni.

Mtoto wa miaka tisa hawezi kuuliza hivyo. Mtu mzima wa miaka arobaini aghalabu hujifunza kunyamaza. Kijana wa miaka kumi na sita anauliza mbele ya wenzake, sauti ikimtetemeka kidogo, na darasa zima linamgeukia mwalimu. Jibu utakalompa, na hata jinsi utakavyomtazama, atalibeba. Kuaminiwa kiasi hicho na mtu anayejenga akili yake ni heshima kubwa, nami sijui kazi nyingine inayoitoa kila wiki.

Wapo watakaosema kijana huyohuyo hasikii ila kwa kiboko. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalirudia katazo hilo kwa adhabu zote za kuumiza mwili. Walimu ninaowaona wakilishika darasa hulishika kwa kulijua: wanajua jina la kila mtoto, wanatoa alama kwa haki, wakimkosea mtu wanamwomba radhi mbele ya wale waliosikia kosa. Hilo la mwisho ni gumu kuliko kushika fimbo, na vijana huliona.

“Furaha yao ni A za KCSE”

Mwaka 2016 watahiniwa waliofanya KCSE walikuwa zaidi ya laki tano. Waliopata A walikuwa 141, nchi nzima. Kama furaha ya mwalimu ingetegemea A, basi mwaka huo karibu kila shule ingebaki na chumba cha walimu chenye majonzi.

Nafurahia matokeo mazuri, na yeyote asemaye hayajali haongei ukweli, maana C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu kwa watoto wasio na mlango mwingine. Lakini katika shule ya kutwa, ambako mtoto huondoka Kayole au Mukuru alfajiri bila chai na kurudi jioni kwenye chumba kimoja chenye watu sita, hatua tunazosherehekea ni nyingine. Aliyeingia Kidato cha Kwanza akiogopa kusoma kwa sauti, sasa ndiye anayeongoza upande wa upinzani kwenye mdahalo. Aliyekuwa akipata alama tisa katika Hisabati amepata thelathini na moja, na mwalimu wa Hisabati amezunguka na karatasi ile akituonyesha, meza hadi meza. Hakuna jedwali la matokeo linaloonyesha safari ya kutoka tisa hadi thelathini na moja.

“Utaipenda ukiwa shule kubwa tu”

Mwaka 2019 Mkenya Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi na hisabati, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani huko Dubai, yenye dola milioni moja. Hakuwa Nairobi wala katika shule ya kitaifa. Alikuwa Keriko, shule ya kutwa ya mseto katika kaunti ya Nakuru, akigawa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wahitaji. Sisemi mwalimu agawe mshahara wake; nasema mapenzi yale yalikuwepo bila maabara za kupendeza.

“Ni kufundisha kitu kilekile kila mwaka”

Vitabu vya fasihi teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Na sasa mfumo wenyewe umebadilika: 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulioanza 1985, unaelekea ukingoni, na KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mfumo mpya, imekuja na mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Walimu waliokaribia miaka sitini ya kustaafu wanajifunza upya pamoja na waliotoka chuoni juzi. Wengine wananung'unika, nami nawaelewa, kwa kuwa mafunzo yamekuwa ya haraka haraka.

“Anayeipenda kazi halalamiki”

Dhana hii ina madhara kuliko zote, kwa sababu hutumiwa na wenye uwezo wa kubadilisha mambo. Ukishamwambia mtu kwamba kazi yake ni wito, ni rahisi kumlipa kidogo na kumshangaa akigoma. Muhula wa tatu wa 2024 ulipofunguliwa mwishoni mwa Agosti, walimu wa sekondari chini ya chama cha KUPPET waligoma. Mapema mwaka huohuo, walimu wa sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9) waliokuwa kwenye mkataba wa mafunzo kazini waliandamana wakidai ajira ya kudumu. Kuna pia walimu walioajiriwa na bodi za shule, wanaofundisha silabasi ileile kwa malipo yanayotegemea karo ya wazazi. Karo ikichelewa, nao wanachelewa kulipwa. Nimeona baadhi ya hao wakiwa wa kwanza kufika asubuhi. Kuipenda kazi hakulipi kodi ya nyumba mtaani Umoja, na kudai haki hakupunguzi mapenzi.

Tena mengi ya malalamiko yetu yanatokana na mapenzi hayo. Tangu 2018, serikali ilipoagiza kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari, madarasa mengi yamefurika. Sera yenyewe ni ya haki, na naiunga mkono kwa moyo wote: watoto waliokuwa wakiachwa mitaani sasa wako kwenye madawati. Lakini insha sitini haziwezi kusomwa vizuri na mtu mmoja kwa wiki moja, kisha sitini nyingine za darasa la jirani. Mwalimu asiyejali angetia alama ya vyema na kufunga daftari. Anayelalamika anataka kuandika pembeni mwa kila insha sentensi mbili za kumsaidia aliyeiandika, naye anaomba aongezewe mwenzake wa Kiswahili ili apate muda wa kuziandika.