Bundi Juu ya Bati: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Ningepewa chumba kimoja pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nikaambiwa nionyeshe ndege wawindaji, nisingeanza na tai aliyetanua mabawa. Ningeweka mezani tonge dogo, jeusi, lililokauka, la kuokotwa chini ya mti anakolala bundi. Bundi hummeza panya mzima mzima, kisha baada ya saa kadhaa hutapika manyoya na mifupa ambayo tumbo limeshindwa kusaga. Lifumue tonge hilo kwenye maji ya uvuguvugu, utakuta mafuvu, mataya na meno ya panya. Watoto wa shule wakishalifumua kwa mikono yao, ndipo tungeanza kuzungumza.

"Bundi akilia juu ya nyumba, mtu atakufa"

Nilipokuwa mdogo bundi alitua kwenye bati la jirani. Mama mmoja wa makamo akaniambia, "Mwanangu, huyo katumwa." Vijana wakaokota mawe. Asubuhi ndege alikuwa kwenye mfereji wa maji machafu, mbawa zimekunjika, na mpaka leo inaniuma kwamba sikusema neno.

Bundi hukaa palipo na chakula. Dari lenye panya, ghala la mahindi, uchochoro wenye mabaki ya sokoni: hayo ndiyo yanayomwita. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la kopa, anayependa sana kuishi kwenye majengo, hata halii "hu-hu" kama wengine. Hupiga ukelele mkali, kama kitambaa kinachochanwa, na makinda yake hukoroma. Ukiusikia usiku wa manane bila kumwona mwenyewe, moyo lazima ushtuke. Ila fikiria ni nani aliye macho saa hiyo. Mara nyingi ni anayeuguza. Waliolala fofofo hawamsikii bundi, ingawa naye alipita juu ya paa lao. Mgonjwa akifariki, ukelele ule unakumbukwa; akipona, nani anausimulia?

"Usiku anaona kwa uchawi, mchana ni kipofu"

Mchana anaona vizuri tu. Na usiku, silaha kubwa ya yule bundi mweupe ni masikio: sikio moja limekaa juu kidogo kuliko lenzake, hivyo sauti hufika kwa tofauti ndogo mno, naye hujua panya yuko upande gani, na juu au chini kiasi gani. Mtafiti wa Marekani, Roger Payne, alimweka bundi wa aina hiyo kwenye chumba chenye giza totoro, majani makavu sakafuni. Bundi alimkamata panya. Hata kipande cha karatasi kilipoburutwa juu ya majani, bundi alikirukia. Karatasi haina harufu ya panya wala joto la mwili, ina mchakacho tu.

"Dawa ya panya ni ya uhakika kuliko ndege"

Kila mtaa wa Dar unaijua ile spika ya mchuuzi: dawa ya panya, mende, kunguni. Siwalaumu wanaonunua, kwa sababu panya anatoboa magunia, anatafuna waya na analeta maradhi. Lakini sumu nyingi za panya, kama brodifakumu na bromadioloni, huzuia damu kuganda, na haziui papo hapo. Panya huishi siku kadhaa akiwa mzito, anayumba, anatoka nje hata mchana. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kukamatwa. Bundi au mwewe akimla, sumu inahamia kwake. Na hapo ndipo hesabu inapotuumiza: panya hubeba mimba wiki 3 tu, na panya shamba huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Bundi hana kasi hiyo. Tukiwaua wote wawili, atakayerudi upesi ni panya.

"Mwewe kazi yake ni kuiba vifaranga"

Anaiba, ndiyo. Mfugaji wa kuku asiambiwe anasingiziwa. Awafunike vifaranga kwa wavu mpaka wakue. Lakini nenda Feri asubuhi, pale soko la samaki Kivukoni, umtazame mwewe akishuka kuokota matumbo ya samaki. Anakula pia mizoga, panya na kumbikumbi.

"Basi walete ndege wengi, panya waishe kabisa"

Hii nayo ni dhana, na inaniogopesha zaidi maana inasemwa kwa nia njema. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka. Akavuka bahari, akajaa Dar es Salaam, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wa kwetu, na mwewe wenyewe anawafukuza hewani kwa makundi.

Wala ndege mwindaji hamalizi panya. Huwapunguza, na kazi yake huonekana pale takataka zinapozolewa na nafaka inapohifadhiwa vizuri. Waliofanikiwa hawakuleta ndege wa ng'ambo. Kwenye mashamba ya michikichi Malaysia, na mashamba ya Israel na Jordan, wakulima walitundika masanduku ya mbao ili bundi waliomo nchini mwao wapate pa kutagia. Bundi mweupe hajengi kiota. Anatafuta tundu, pango la mti au dari.

Kwa hiyo akitaga darini kwako, usizibe tundu wala usipande kuchungulia kila siku. Makinda huruka wakiwa na wiki 8 hadi 10. Ukianza kusikia mkoromo juu ya dari, hesabu kuanzia hapo, na katika muda huo usiweke sumu ndani ya nyumba.