Mwanao Akitajwa Panya Road: Utaratibu wa Kisheria na Makosa Tunayoyaona Kila Wiki

Kila ikikaribia likizo ya Desemba, simu za ofisi yetu hubadilika. Miezi mingine watu huulizia matunzo ya watoto na baba waliotokomea. Kuanzia Novemba wanaulizia vijana: kuna kundi linakaa nyuma ya banda la video, wameonekana na mapanga, serikali iko wapi? Mwaka huu malalamiko yameanza mapema, na mengi yanakuja na lawama ileile, kwamba "hawa watoto wakikamatwa wanaachiwa". Viongozi wa mitaa kadhaa wameniomba nitoe ufafanuzi. Naandika kama ofisa ustawi wa jamii, na nitaeleza utaratibu kwa ujumla tu. Shauri lolote lililoko mahakamani silizungumzii, na mwenye shauri lake asilitafute humu.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko jina. Kabla Panya Road, jina la makundi ya vijana wanaovamia na kupora watu kwa mapanga, halijawa neno la kila mtu, jiji hili la Dar es Salaam lilishasumbuliwa na kundi jingine la namna hiyo, Mbwa Mwitu. Wakazi wa Magomeni, Kigogo na Tabata wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015, maduka yalipofungwa kabla ya muda na watu wakakimbizana barabarani, wengine wakikimbia uvumi mtupu. Septemba 2022 hofu ikarudi, safari hii na damu, baada ya mwanafunzi wa chuo kuuawa nyumbani huko Kawe. Ile ya 2015 ilianzia kwenye mazishi: vijana walikuwa wanatoka kumzika mwenzao aliyeuawa kwa kipigo cha wananchi. Hilo la mazishi nitalirudia.

Nianze na umri, kwa sababu ndipo upotoshaji ulipo mwingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Ndevu hazihesabiki, wala urefu, wala kwamba tayari anapiga debe stendi na kujilipia geto. Lakini kuwa mtoto si kinga. Kwa Kanuni ya Adhabu, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai. Aliyetimiza 10 lakini hajafika 12 hawajibiki, isipokuwa ithibitike kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda. Kuanzia miaka 12 anawajibika, anakamatwa, anashtakiwa na anaweza kutiwa hatiani. Kisichowezekana ni kumhukumu kifungo cha jela. Narudia kwa sababu naulizwa kila siku: mtoto hahukumiwi jela, ila mahakama inaweza kumwachia kwa masharti ya mwenendo mwema, kumweka chini ya uangalizi wetu, kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa, kumtaka mzazi alipe faini au fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho. Shule hiyo iko Irambo, Mbeya. Mama aliyezoea kumpelekea mwanawe chakula Upanga kwa daladala ajue kwamba huko ni safari ya basi ya siku nzima.

Upanga niliyoitaja ni Mahabusu ya Watoto, ambako mtoto anawekwa akisubiri shauri lake. Adhabu haitolewi pale.

Sasa hilo la "wanaachiwa". Kinachoonekana mtaani ni dhamana. Mtoto aliyekamatwa anapaswa kupewa dhamana, isipokuwa kama anatuhumiwa kwa mauaji au kosa ambalo kifungo chake kinazidi miaka saba, au kumwachia kutamrudisha kwenye kundi baya, au kutavuruga haki. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 aliyekwapua simu pale Mwenge anaweza kuonekana kijiweni jioni ya siku ya pili. Hajaachiwa. Ana tarehe ya kurudi mahakamani na ana mdhamini anayebanwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni jambo jingine, na kisu, nondo au panga ni silaha kama ilivyo bunduki. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kosa hilo, adhabu yake haipungui miaka 30, na wakati wa kesi hana dhamana. Tafadhali soma tena namba hiyo, kisha fikiria kijana aliyetimiza miaka 18 wiki iliyopita na bado anakaa maskani na wadogo zake. Wamekwenda pamoja, wamerudi pamoja, na mwenye panga hakuwa yeye. Sheria ina kitu kinaitwa nia ya pamoja. Haimuulizi tu nani alishika mpini.

Ndiyo maana tunasumbua watu kuhusu vyeti. Mwaka jana nilikaa na faili la kijana mmoja lenye umri wa namna tatu. Kituoni kwa polisi kijana mwenyewe alijiandikisha ana 18, kwa sababu wenzake walimwambia watu wazima "wanatoka haraka". Mama yake alisema 16. Shule ilileta rejista yenye 15. Siku tatu zikapotea, na siku hizo alikuwa mahali pasipomfaa, maana mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima mahabusu. Kilichomaliza ubishi ni kadi ya kliniki, imeliwa na mchwa pembeni, bibi yake aliitoa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Tunza kadi. Chukua cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi.

Mtoto akikamatwa, mzazi anayo haki ya kujulishwa na kuwepo anapohojiwa, na ofisi ya ustawi inajulishwa pia. Kwa kawaida mtuhumiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Shauri lake linakwenda Mahakama ya Watoto, ambayo kwa muda mrefu wakazi wengi wa Dar es Salaam wameijua kwa ile ya Kisutu. Isipokuwa tuhuma ikiwa ya mauaji. Na akishtakiwa pamoja na mtu mzima, mkondo hubadilika. Katika Mahakama ya Watoto shauri linasikilizwa faragha, na jina la mtoto halitangazwi. Kabla hakimu hajaamua la kufanya na mtoto aliyetiwa hatiani, sisi tunaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Ofisa anafika kwenu, anaongea na jirani, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa. Anaangalia mtoto analala wapi. Watu huchukulia ziara hii kama upekuzi, wanafagia uwanja na kuazima kochi. Usiazime kochi. Nikikuta watu saba wanalala chumba kimoja na kijana wa miaka 14 halali nyumbani kwa sababu dada yake amekua na pazia halitoshi, hilo ndilo ninalotaka kuliandika, kwa sababu linaeleza usiku anakuwa wapi na nani, na linampa hakimu kitu cha kufanyia kazi.

Na katika ziara hizo ninayemkuta ni mama. Baba "yuko kazini", hata Jumapili.

Niseme sasa kuhusu jambo linalonichosha. Jumatatu moja mama aliingia ofisini amemshika mwanawe mkono, kijana wa kidato cha pili, suruali ya shule na ndala. Mkono mwingine alikuwa na mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko kulikuwa na panga fupi limefungwa kwenye sweta la shule, amelikuta chini ya godoro. Akasema, "Mwanangu, mfungeni hata wiki moja tu, akili imkae sawa." Alikuwa ametoka kituo cha polisi na ombi hilohilo. Kijana alikuwa anaangalia sakafu, kidole gumba cha mguu kinachezea ndala iliyokatika.

Nawaomba wazazi mnielewe. Hakuna kifungo cha kutishia. Hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kumweka mtoto mahabusu kwa niaba ya mzazi aliyechoka, na ukimpata anayekukubalia, kesho atakutaka hela ya kumtoa. Mahabusu haimnyooshi mtu. Inampa marafiki wapya. Lakini mama yule alifanya jambo moja sahihi kuliko wengi, alikuja kabla ya tukio. Sheria ya Mtoto inamtambua mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na miongoni mwao ni yule anayeandamana na watu wanaojulikana kuwa wezi. Huyo hajashtakiwa kwa lolote. Tunafungua faili, tunamwita na mzazi wake, tunakwenda shuleni, na ikibidi tunaiomba mahakama amri ya uangalizi. Yule kijana panga alipewa alitunze na mtu wa miaka 24, anayewalipia wadogo pesa za mashine za kamari. Taarifa hiyo ilikwenda polisi, na mtoto akabaki shule. Siahidi kwamba kila faili linaishia hivyo.

Upande wa pili yupo mzazi anayesema "mwanangu hawezi". Simu mpya tatu ndani ya mwezi, kijana hana kazi, na nyumbani zinauzwa kimyakimya kulipia kodi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Hili linamhusu pia mnunuzi wa simu ya elfu themanini isiyo na boksi wala risiti. Watu hawa ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa mikutanoni. Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, itume 15090 uhakiki kifaa kabla ya kutoa hela, na dai risiti. Soko likifa, nusu ya safari za usiku zinakosa sababu.

Mzazi aliyemtelekeza mtoto naye ajue kwamba kukiuka wajibu wa matunzo ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Narudi kwenye mazishi. Magazeti yana msemo wake, "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba ni chombo cha dola. Si chombo cha dola. Mwananchi anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na akishamkamata anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo ruhusa inapokoma. Tairi, tofali na petroli ni mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Ile nia ya pamoja niliyoieleza kwa kijana wa maskani inamhusu vilevile aliyepitisha kiberiti. Ulinzi shirikishi nao uko chini ya sheria: walinzi wanatambuliwa na serikali ya mtaa, wanaratibiwa na polisi kata, majina yao yapo kwenye daftari. Filimbi na fimbo hazimpi mtu ruhusa ya kuhukumu. Najua mtakachosema, kwamba mimi sijavamiwa. Nimevamiwa, Mbagala, na nikaenda kutoa maelezo kituoni nikiwa na nyuzi nne kichwani.

Maelezo ndiyo yanayokosekana. Mashauri mengi yanayoitwa "wameachiwa" huondolewa kwa sababu mlalamikaji hakufika. Mara ya kwanza aliugua, mara ya pili alisafiri, mara ya tatu wazazi wa kijana walishamrudishia hela ya simu nyumbani kwa mjumbe. Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa kijiweni. Mtaa mzima unajua majina, baba zao na mahali wanapoficha mapanga, lakini faili lina shahidi mmoja ambaye simu yake haipatikani. Kama unaogopa kulipiziwa, mweleze mpelelezi mapema, siku ileile ya kutoa maelezo, na usisubiri asubuhi ya kesi.

Kwa tukio linaloendelea piga 112. Kwa jambo linalomhusu mtoto, liwe ni yeye anayeumizwa au anayeanza kuumiza wengine, piga 116, ni bure. Kumwona ofisa ustawi anza na mtendaji wa mtaa au wa kata. Manispaa zote na jiji wanao. Njoo na cheti au kadi ya kliniki, barua ya shule kama anasoma, na mtoto mwenyewe. Huduma haina malipo. Baba mwenye zamu ya mchana aseme, tutampangia asubuhi.