Ng'ombe Kazaa, Mbona Hashiki Mimba Tena?

Maswali haya huulizwa sana na wanaofuga ng'ombe wa maziwa Ganda, Kakoneni na Malindi mjini, hasa kaskazi ikipamba moto.

Ng'ombe wangu ana miezi minne tangu azae, sijamwona akitaka dume. Ni mgumba?

Huenda wala si mgumba. Kizazi huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kurudi kiasi chake, na wengi humpandisha ng'ombe kuanzia siku ya 60. Miezi minne ni mingi, lakini wewe humtazama saa ngapi? Joto, yaani ile hamu ya kupandwa, hurudi kila siku 21 hivi, hudumu saa chache, na wakati wa jua kali dalili mara nyingi hujitokeza usiku. Aliye kwenye joto husimama tuli akipandwa na wenzake, na hutoa ute mwangavu unaovutika. Kama yuko peke yake zizini, nani atampanda?

Nasikia kuna sindano. Ninunue?

Daktari wa mifugo ampime kwanza kwa mkono. Dawa si moja. Prostaglandini, homoni ya sindano, huyeyusha uvimbe wa manjano unaobaki kwenye ovari (kiungo kinachotoa mayai) yai likishatoka, na joto huja baada ya siku 2 hadi 5. Ovari ikiwa imelala, yaani haitoi mayai, uvimbe huo haupo, basi umemdunga maji. Na kama ana mimba usiyoijua, ataitupa. Iliyolala huamshwa kwa kifaa cha homoni ya projesteroni kinachowekwa ukeni kwa siku 7 hadi 9 hivi, kwa kawaida pamoja na sindano nyingine.

Kwani ovari hulalia nini?

Njaa, zaidi ya yote. Anayekamuliwa sana hutoa zaidi ya anachokula, anakonda, na mwili unaahirisha habari za mimba. Hapo homoni peke yake ni pesa ya kutupa. Mpe majani ya kutosha, mashudu ya nazi, chumvi ya madini, maji tele na kivuli. Ndama anayenyonya kutwa pia humchelewesha. Akitoa usaha, au kama kondo la nyuma lilipitisha saa 24, kizazi kitibiwe kwanza.

Na nyati wa maziwa wa India?

Si mbogo wetu wa porini, huyo mkamuaji wake hajazaliwa! Nyati wa maziwa, kama aina ya Murrah wa India na Nili-Ravi wa Pakistan, hutibiwa kwa homoni hizi hizi. Taabu yao ni joto la kimyakimya, na wengi hutulia msimu wa jua kali hadi mchana uanze kufupika. Mimba yao ni miezi 10 hivi, kwa hiyo kila mwezi unaopotea unamuuma mwenyewe.

Mke wangu ni mjamzito, na ndiye mkamuaji.

Kukamua aendelee, lakini chupa ya prostaglandini asiiguse. Hupenya ngozi na inaweza kuharibu mimba. Mwenye pumu naye akae mbali. Ikimwagikia mtu, aoshe papo hapo kwa sabuni na maji.