Kaseti za zamani na kompyuta: yanayosemwa Bukavu na ukweli wake

Katika nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda, komuni za mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, kuna kaseti ambazo hazina nakala popote duniani: harusi, korali ya parokia, mzee akitoa wosia kwa Kimashi, barua za sauti ambazo ndugu walitumiana kabla ya simu za mkononi. Nyingi zinaachwa zipotee, badala ya kunakiliwa kwenye kompyuta, kwa sababu ya mambo yanayoaminiwa bila kuchunguzwa.

La kwanza, na ndilo lenye hasara kubwa: kwamba kaseti inayotoa sauti hafifu, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, imekwisha kufa. Mara nyingi kaseti ni nzima na redio ndiyo yenye kasoro. Utepe ukipita huacha uchafu wa kahawia kwenye hedi, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachosoma utepe, na uchafu huo humeza sauti nyembamba. Lowesha pamba kwa alkoholi ya famasi ya asilimia 90, futa hedi na kijiti cha chuma kilicho kando yake mpaka pamba itoke nyeupe. Kigurudumu cha mpira kinachobana utepe kifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kuwa alkoholi hukausha mpira. Bado sauti imeziba? Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake ilikaa upande kidogo haitasomeka vizuri kwenye redio yako mpaka hedi zilingane. Acha kaseti icheze, zungusha skrubu hiyo kidogo kidogo kwa bisibisi, na usikilize mpaka maneno yasikike wazi. Kazi hii inaokoa sauti nyingi kuliko programu yoyote ya kompyuta, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui. Kabla ya yote, vunja vile vibanzi viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta.

Kaseti zinazohitaji tahadhari ya kweli ni za dakika 120. Utepe wake una unene wa maikroni 9 hivi, nusu ya ule wa dakika 60, na hukatika au kujizungusha kwa urahisi. Usizirudisherudishe nyuma.

Kuhusu kuvu, wengi husema: anika juani. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, mvua ni za miezi mingi, na kaseti zenye unga mweupe kwenye kingo za utepe ni za kawaida. Jua hupinda plastiki na kuharibu utepe. Usiicheze pia ikiwa hivyo, maana kuvu litahamia kwenye redio na kutoka hapo kwenye kaseti nyingine. Iache siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, kisha vaa barakoa uisafishe nje ya nyumba.

Wengine huweka simu mbele ya spika wakarekodi. Simu itachukua mvua kwenye mabati na majogoo ya jirani, na mara nyingi hupunguza au kuongeza sauti yenyewe bila kuulizwa. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta. Lakini angalia: laptopu nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo huchukua upande mmoja wa sauti na kuukuza mpaka upasuke. Kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya stereo huondoa tatizo hilo. Ukinunua, hakikisha tundu hilo lipo; za bei ndogo nyingi zina la maikrofoni peke yake. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kwenye kipimo cha sauti cha programu hiyo, sauti ya juu kabisa iache karibu na −6 dB, kwa sababu ikishapasuka kwenye kompyuta haitengenezeki.

Kuna wanaodhani kompyuta itanakili kaseti kwa haraka kama inavyonakili flashi. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60. Muda huo ni mali: mwite mama mkubwa au babu akae nawe, aseme nani anaongea, ni harusi ya nani, ni kijiji gani, nawe uandike. Faili lisilo na majina litakuwa kelele kwa wajukuu.

Umeme kukatika si kizuizi. Laptopu ikitumia betri yake na redio ikiwa na betri mpya, ule mvumo wa umeme wa hezi 50 hutoweka. Betri zikichoka, mota hupunguza mwendo na sauti huwa nzito, kwa hiyo zibadilishe mapema.

MP3, faili la sauti lililobanwa liwe dogo, inafaa kwa kutumiana. Ya kuhifadhi iwe WAV, kama megabaiti 10 kwa dakika, au FLAC, ambayo ni ndogo zaidi na haipotezi kitu. Usafishaji wa makelele fanya kwenye nakala, na kwa kiasi. Ukizidisha, sauti ya mtu husikika kama inatoka majini.

Wala usitupe kaseti baada ya kazi. Flashi hufa bila kutoa dalili, na moto wa nyumba Kadutu tunaujua. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na kaseti zenyewe zisimame ndani ya maboksi yake, mbali na spika, mahali pakavu.