Tumbusi wakizunguka, msinisimamishe gari

Juzi tena, pale Seronera, ndani ya Serengeti, mgeni kaninyooshea kidole juu: "Kaka, tumbusi hao! Simba wameua, twende!" Nikatazama. Tumbusi kumi na kitu wanazunguka taratibu, na kila mzunguko wanazidi kuwa wadogo. Wadogo! Anayekwenda kula mzoga atapandaje mbinguni?

Nasema kwa mara ya mwisho (najua si ya mwisho). Tumbusi akizunguka anapanda ngazi tu. Ni ndege mzito huyu, ngusha, aina moja ya tumbusi, akiwa mkubwa hufika kilo 9. Akipiga mabawa kutwa nzima njaa itamuua. Kwa hiyo hungoja jua lichome ardhi, saa tatu au saa nne hivi, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo aingie humo na kuzunguka asije akatoka nje yake. Akishafika juu anateleza hadi ngazi nyingine. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell, aina nyingine, aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kama mita 11,300 kutoka chini. Kule nako kulikuwa na mzoga wa nani?

Mwangalie anayeshuka. Miguu imening'inia, mabawa kayakunja nusu, anakuja moja kwa moja kama jiwe: hapo niambie niwashe gari. Wa pili akitokea upande mwingine kuelekea pale pale, usiniulize hata swali. Wenyewe huchunguliana hivyo hivyo. Huyu akishuka, jirani aliye kilomita kadhaa anamwona, naye anafuata. Mara nyingi aliyetangulia ni pungu, aina ya tai, maana huruka chini na huamka mapema.

Na hapana, hawanusi. Wanaonusa wako bara la Amerika, na hata ukoo wao ni mwingine. Hawa wetu, nyama ukiifunika vizuri kwa majani, watapita juu yake.

Majangili wanaijua elimu hii kuliko wageni wangu. Wanajua tumbusi wakishuka askari wa hifadhi ataona, basi wanautia mzoga sumu ili tumbusi wafe. Tumbusi mgongo-mweupe na wa Rüppell, wote wawili, tangu 2015 wamewekwa daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Haya, nikiri na yangu. Kuna siku huzunguka juu ya mzoga kweli, simba wakiwa bado hawajashiba, ingawa mara nyingi utawakuta wamejipanga mitini wakingoja zamu. Na makinda ya mgongo-mweupe na ya Rüppell yakiwa angani hunichanganya mpaka leo, miaka yote hii na darubini shingoni.

Tena siku ile ile ya Seronera nilimwona mmoja kashusha miguu. Nikawasha gari kwa majigambo, nikiwahubiria njia nzima. Tulimkuta kwenye dimbwi la mto, anaoga. Mgeni wangu hakusema neno. Alinyoosha kidole tu.