Kuepuka Amazon ukiwa Lamu: dhana potofu na ukweli

"Niagizie popote pale, bora isiwe Amazon." Kauli hii siku hizi naisikia dukani kwangu Langoni karibu sawa na salamu. Kazi yangu ni kuwaagizia watu vitu kutoka nje: spea za injini za boti, vitabu, vifaa vya sola, vikorokoro vya nyumba za wageni za Shela. Kila mteja ana sababu yake. Wapo waliokasirishwa na mkataba wa Nimbus wa mwaka 2021, ambao Amazon na Google walikubali kuipa serikali ya Israeli huduma za kompyuta zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.2. Wapo waliosoma habari za wafanyakazi wa maghala. Wapo wasiopenda tu tajiri mmoja kushika soko la dunia nzima. Sina ugomvi na sababu ya mtu. Kinachonishinda ni pale mteja anaponiletea linki ya duka jingine, uso umejaa furaha, kumbe duka lenyewe ni la Amazon.

"Jina si Amazon, kwa hiyo pesa haiendi Amazon"

Hii ndiyo iliyonichosha, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Tuanze na vitabu. Kwa miaka mingi walimu wetu waliisifu Book Depository ya Uingereza kwa sababu ilikuwa inaleta kitabu hadi Kenya bila kutoza nauli. Kuna walionunua huko makusudi ili kuikwepa Amazon. Amazon ilishainunua tangu 2011, na Aprili 2023 ikaifunga. Baada ya kufungwa, wengi wakakimbilia AbeBooks, soko la vitabu vilivyotumika. AbeBooks ni mali ya Amazon tangu 2008. Mtu ametoka chumba hiki akaingia kile, nyumba ni ileile. Audible ya vitabu vya kusikiliza ni yao tangu 2008. Goodreads, wanakoulizana wasomaji kitabu gani kizuri, ni yao tangu 2013. Viatu vya Zappos, 2009. Kengele za mlangoni zenye kamera za Ring, ambazo wenye nyumba za wageni huniulizia sana, 2018.

Halafu kuna Dubai. Nyumba nyingi hapa zina mtu wake Ghuba, na ujumbe unaokwenda kwa shangazi au ami ni uleule: ukija Idi niletee kitu fulani, lakini nunua Souq, usinunue Amazon. Souq ilinunuliwa na Amazon mwaka 2017, na 2019 hata jina likaondolewa kule Emarati, likawekwa Amazon.ae. Mtu bado anaitaja Souq kama ngome ya Waarabu. Anayetaka duka kubwa la mtandaoni la huko lisilo la Amazon amwambie shangazi ajaribu Noon, lililoanzishwa na Mohamed Alabbar, yule wa kampuni ya majengo ya Emaar.

Na wapo wanaowakwepa wasiokuwemo. "Jumia si ndiyo Amazon?" Siyo. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, na tangu 2019 hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York. AliExpress ni ya Alibaba ya China. eBay inajitegemea. Unaweza kuwa na sababu zako za kuwasusa hawa, lakini isiwe hiyo.

Suala la umiliki ni jepesi, unalijua kwa dakika mbili. Kigumu ni ghala. Amazon inauza huduma ya ghala kwa mfanyabiashara yeyote. Yeye anapeleka mzigo wake kwao. Akipata oda kwenye tovuti yake mwenyewe, au kwenye eBay, wafanyakazi wa Amazon ndio wanaokichukua kitu rafuni, wakakifunga na kukituma, na Amazon inalipwa kwa kila kifurushi. Mnunuzi hatajua, maana muuzaji anaweza kuomba boksi lisilo na nembo. Tangu 2022 kuna na kitufe cha Amazon, Buy with Prime, kwenye tovuti za maduka ya watu wengine. Hicho angalau kinajitangaza.

Wapo pia wachuuzi wa mtandaoni wasio na bidhaa hata moja. Ukishawalipa, wanakwenda Amazon, wananunua kwa anwani yako, na tofauti ya bei inabaki mfukoni mwao. eBay inakataza mchezo huu, na bado unachezwa. Dalili zake nazijua sasa: muuzaji mmoja ana sufuria, taa ya baiskeli na dawa ya nywele kwa pamoja, picha zake ni zilezile za Amazon, na bei imepanda kidogo tu juu ya ile ya Amazon. Nikiona hivyo naufunga ukurasa, mteja anune asinune.

Ndiyo maana wateja wananicheka kwa kurudia swali moja: muulize muuzaji, kabla hujalipa, mzigo unatoka ghala la nani? Mwenye duka lake halisi atakujibu bila kuzunguka, mara nyingine na jina la mji na siku anazokwenda posta. Anayekujibu kwa maneno ya kiroboti, au asiyejibu kabisa, amekujibu.

Wakishaelewa haya, kuna wanaorukia upande wa pili: basi hakuna haja, intaneti yote ni ya Amazon. Hapo subira yangu huisha. Ni kweli kwamba tangu 2006 Amazon inakodisha kompyuta zake kwa makampuni mengine kupitia AWS, na kwamba huko ndiko kwenye faida. Mwaka 2023, kati ya faida ya uendeshaji ya dola bilioni 36.9, bilioni 24.6 zilitoka AWS. Netflix ni mteja wao. Duka unalolikimbilia huenda nalo ni mteja. Lakini pima. Muuzaji aliyemo ndani ya Amazon hukatwa, kwa aina nyingi za bidhaa, karibu 15% ya bei, kabla hujaongeza ada ya ghala na ya matangazo. Kwenye kitu cha shilingi 10,000 hiyo ni shilingi 1,500. Duka linalokodi kompyuta za AWS linawalipa kiasi kidogo sana kwa kila oda. Sasa wewe, kwa kuwa huwezi kuzizuia hizo chenji za AWS, unaamua kuiachia Amazon na hiyo 1,500? Ukitaka kususia AWS, hiyo ni kazi ya serikali na makampuni yanayoingia mikataba, si ya mtu anayetafuta kamusi.

"Linki ya Amazon hii hapa, nitafutie hiyohiyo kwingine"

Hili si kosa la imani, ni la kutojua, lakini linanipotezea muda mwingi. Mteja ananitumia picha ya skrini yenye namba inayoanza na B0. Hiyo ni ASIN, namba ya Amazon yenyewe, ya herufi na tarakimu 10. Nje ya Amazon haina kazi. Ukiitafuta mtandaoni inakurudisha palepale ulipokuwa unapakimbia. Vitabu vya karatasi vina nafuu, kwa sababu ASIN yao mara nyingi ndiyo ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ile ya tarakimu 10, na ISBN inaeleweka na kila muuza vitabu duniani.

Kwa spea, nipe namba ya mtengenezaji. Chukua impela ya pampu ya maji ya Yamaha, ule mpira wa mapezi ambao maji machache na mchanga wa mkondo wa Mkanda huumaliza. Namba ya spea ya Yamaha ina vipande. Cha kwanza, alama tatu, kinaonyesha injini ambayo spea hiyo ilitengenezewa mwanzo. Cha pili, tarakimu tano, ndicho kitu chenyewe: ukiona 44352, hiyo ni impela. Cha mwisho ni toleo. Ndiyo maana impela moja huingia kwenye injini zaidi ya moja, na ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Mipira miwili inaweza kufanana kwa macho na mmoja ukakataa kuingia. Modeli ya injini iko kwenye kibamba kidogo kwenye chuma cha kufungia injini nyuma ya boti. Futa chumvi, piga picha, nitumie.

Na mara nyingi, fundi akishanipa namba hiyo, sihitaji hata kuwasha kompyuta. Napiga simu Mombasa. Kitu kipo, kinapanda basi jioni. Mteja alikuwa tayari kusubiri wiki kadhaa kitu kitoke Marekani kwa sababu tu hakujua namba ya kuulizia.

"Hata hivyo Amazon ndiko rahisi"

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine siyo. Septemba 2023 Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 17 waliishitaki Amazon, wakidai kwamba inawabana wauzaji wanaothubutu kuuza kwa bei ya chini kwenye maduka mengine. Amazon inakanusha. Dai hilo likiwa sahihi, basi ule usawa wa bei unaouona kila duka haukutokea wenyewe.

Kwa mtu wa Lamu, lakini, bei ya kwenye skrini ni mwanzo tu. Kuna nauli ya kuingia Kenya, ambayo hufuata uzito. Kuna ushuru wa forodha pale unapohusika, na VAT ya 16%, ambayo haipigwi kwenye bei ya kitu peke yake bali kwenye bei, nauli na ushuru kwa pamoja. Kisha basi hadi Mokowe, boti ya kuvuka, na punda au mkokoteni hadi mlangoni. Tofauti ya dola tatu iliyokufanya uvunje msimamo wako imeshazama kabla basi halijafika Garsen. Mizigo mizito, kama betri, usiiagize nje kwa duka lolote lile. Nenda Mombasa.

"Nje ya Amazon hakuna kurudishiwa pesa"

Kurudishiwa pesa hakutoki Amazon tu. Ukilipa kwa kadi, unaweza kupinga malipo kupitia benki yako. Ukilipa kwa PayPal, una siku 180 tangu kulipa kufungua malalamiko kama kitu hakikufika au si ulichoagiza. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyoko ndani ya simu tangu 2022. Usichopaswa kufanya ni kumtumia mtu usiyemjua pesa moja kwa moja, hata akikupunguzia bei. Na kurudisha kitu kutoka Lamu hadi ng'ambo, kwa duka lolote, nauli yake mara nyingi huzidi thamani ya kitu.

"Maduka madogo hayawezi kuleta Lamu"

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Fomu ya duka inataka jina la barabara na namba ya nyumba, na wewe unakaa Mkomani kwenye kichochoro ambacho upana wake ni punda mmoja aliyebeba. Jaza sanduku la posta, Lamu 80500, na kwenye nafasi ya barabara andika jina la mtaa. Fomu ikikataa, mwandikie mwenye duka barua pepe. Duka dogo lina faida hii, kwamba barua inasomwa na mtu. Vitabu vya shule usihangaike navyo ng'ambo. Text Book Centre ya Nairobi iulize kwanza. Kwa vitabu vilivyotumika kutoka nje kuna Biblio na Alibris, ambazo si za Amazon, na swali langu la ghala liulize hata huko, kwa sababu anayeuza humo ni kila mtu na lake.

Jambo moja ambalo fomu haziulizi: mwombe muuzaji aandike namba yako ya simu juu ya boksi, kwa kalamu nene, pande mbili. Hamali wa Mokowe hasomi mtaa wala namba ya nyumba. Anapiga simu.